Kibao cha Mti Usio na Jina

Mkewe aliitika, na hapakuwa na aliyemwita.

"Abee!" alisema, akainua uso kutoka kwenye ungo wa mchele aliokuwa akiuchambua mlangoni pa jiko. Aliitika kwa sauti ile ya zamani, nyepesi, sauti ya mwanamke aliyezoea kuitwa mara mia kwa siku na kulalamika kwa raha kwamba haachwi apumue. Mchonga vibao alikuwa uani, juu ya kigoda, akinoa tindo yake. Mkono ukasimama juu ya jiwe. Upande wa pili wa ukuta jirani alikuwa akifua. Kuku walikuwa wakiparura majivu. Zaidi ya hapo ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine za nyumba ile, na kimya chake.

"Umemwitikia nani?" akauliza.

"Si nimeitwa?"

"Na nani?"

Mkewe akautazama mchele kana kwamba jibu limo humo pamoja na chuya. "Basi ni masikio tu," akasema. "Uzee haubishi hodi."

Kilichomsumbua mchonga vibao hakikuwa ule mwitiko. Ni kwamba baada ya kusema hivyo mkewe alitabasamu, na tangu mazishi alikuwa hajatabasamu.

Wawili hawa walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyekuja wakati ambapo mashangazi walikuwa wamekwisha kuacha hata kuuliza. Na kama ilivyo kwa wasemao lugha hii, siku aliyozaliwa mtoto wazazi walivuliwa majina yao. Mwanamke akawa Mama Fulani, mwanamume akawa Baba Fulani, na kwa jina hilo la binti waliitwa sokoni, kazini, harusini na msibani, hata wao kwa wao chumbani. Jina lenyewe halitaandikwa hapa. Atakayeifuata hadithi hadi mwisho hatauliza sababu.

Binti alikufa kwa ugonjwa wa kifua, msimu wa mvua, wakati alipokuwa ameanza kumpita mama yake kimo na kumtania kwa hilo. Baada ya hapo watu wakaanza kuliogopa lile jina. Jirani alikuwa akichungulia juu ya ukuta, anasema, "Mama...", kisha anameza kilichobaki kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki, na kumalizia, "Shoga, huna kibiriti?" Dukani akawa "bibi". Mumewe naye kazini akarudishiwa jina la utani la ujana wake, Kibao. Wote walikuwa na nia njema. Lakini nia njema hiyo ilimzika binti upya kila siku, na mchonga vibao mwenyewe, alipotaka kumwita mkewe, alikohoa kwanza, kisha akasema, "Wewe."

Kazi yake ilikuwa kuchonga majina ya miti.

Juu ya mlima uliousimamia mji ule kulikuwa na bustani ya mimea, iliyopandwa na wageni zamani za mababu, kwa miche iliyoshushwa melini na kupandishwa juu vichwani mwa wapagazi. Wageni walikwisha kwenda zao, barabara ilizolewa na maporomoko, na nyumba ya vioo ya kukuzia miche ilikuwa imebaki mifupa. Lakini miti ilibaki, na kila mti ulivaa kibao cha bati jeupe chenye jina la kitabuni, na chini yake jina la watu, kama lipo. Mchonga vibao hakuwa amesoma elimu ya mimea. Alipewa majina kwa karatasi, akayahamishia kwenye bati kwa tindo na nyundo ndogo, herufi baada ya herufi, kisha akafunga safari ya miguu kuyapandisha. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kuhusu majina alikuwa mkali. Kibao kilichokosewa herufi alikikunja na kukitupa, hakukubali kukikwangua.

Wafanyakazi wa bustani walikuwa na sheria moja iliyowatangulia wote. Mti usiojulikana hautungiwi jina la muda. Hutundikwa kibao kitupu, na anayekitundika hukifuta kwanza kwa dole gumba, mbele na nyuma, ahakikishe hakina hata mkwaruzo unaoweza kusomeka. Nyuma ya nyumba ya vioo, mahali bustani inapokoma na msitu kuanza, ulisimama mti mmoja wa namna hiyo. Mabingwa walikuja na vitabu, wakachuma majani yake na kuyabana katikati ya karatasi. Kabla hawajafika bondeni majani yalikuwa meusi na karatasi imelowa. Wakaacha kuja. Kibao kitupu kikaliwa na kutu, kikabadilishwa, kikaliwa tena. Wazee wa bustani walipopita hapo walikatisha mazungumzo, wakayaendeleza mbele.

Baada ya msiba, kabla ya asubuhi ile ya mwitiko, mchonga vibao alipanda na mzigo wake wa vibao, na zamu ya mti ule ilikuwa imefika. Aliketi juu ya mzizi apumzike. Alimkumbuka mkewe dukani, akiitwa bibi. Aliwaza kwamba wapanda mlima na wanafunzi hufika huku, na wakiona kibao hukisoma kwa sauti, maana ndivyo watu wafanyavyo mbele ya kibao. Na kwamba huku juu hakuna wa kuliogopa jina la mtu. Akatoa tindo. Akachonga jina la binti yake juu ya bati lile tupu, jina peke yake, kwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuchonga. Akalipigilia misumari.

Mlima ulinyamaza. Hata wadudu. Yeye akadhani ni heshima.

Aliteremka akiwa mwepesi moyoni, na ni wepesi huo uliomtia aibu baadaye.

Baada ya mwitiko wa asubuhi ile ulikuja ute wa konokono kwenye kizingiti, ukifuatwa na matope mekundu ya mlimani, ambayo bondeni hayapo. Kisha harufu. Ilianza chumbani kwa binti, harufu ya majani yaliyopondwa na maji ya kisima kilichofungwa siku nyingi, na ndani yake uchungu mdogo wa kafuri, uliomkumbusha mchonga vibao siku ya kuosha maiti hata akatoka nje. Mkewe alisema hasikii harufu yoyote. Alikuwa ameanza kupaka mafuta nywele zake tena. Alikuwa akiimba. Jirani akafurahi, akasema juu ya ukuta, "Afadhali, shoga yangu, machozi nayo huchoka." Lakini usoni mwake mwanamke alikuwa akipungua, mashavu yakiingia ndani kama tunda linalokaushwa, na nyayo zake zilikuwa na michubuko ya mtu aliyetembea pekupeku juu ya mawe.

Jioni moja mchonga vibao alirudi kutoka karakana akamsikia mkewe chumbani kwa binti, akiongea polepole, kama amwelezaye mtu hadithi.

"...basi ukateleza pale kwenye ngazi, na mtungi ukavunjika, na badala ya kulia ukacheka. Ulicheka hivi."

Akacheka, akiigiza kicheko cha mtoto.

Kisha mchonga vibao, aliyekuwa ameweka kiganja juu ya mlango bila kuusukuma, alisikia kicheko kile kile kikirudiwa na kitu kingine mle ndani, kwanza vilevile kama alivyokicheka mkewe, pamoja na ukwaruzo wa koo la mwanamke mzima, kisha mara ya pili chepesi zaidi, kisha mara ya tatu kikiwa kimepunguzwa umri, kikinyooshwa, kikitafutwa kama mtu anavyotafuta ufunguo sahihi ndani ya kitita cha funguo, mpaka kikapatikana, nacho kilikuwa ni chake, cha binti, na mkewe ndani alikuwa akilia kwa furaha.

Alifungua mlango. Mkewe alikuwa peke yake kitandani. Dirisha lilikuwa wazi, na shuka upande wa pili lilikuwa limelowa.

"Ulikuwa unaongea na nani?" alinong'ona.

"Punguza sauti. Utamtisha."

"Mke wangu. Mtoto tumemzika. Mimi na wewe tulishika udongo."

"Najua."

"Basi huyo si..."

"Najua si yeye!" Kisha akashusha sauti, akajifunga khanga vizuri. "Unadhani mama hajui? Siku ya kwanza alijua neno moja tu, mama, mama, kama ndege. Hakujua kucheka. Leo amejua. Kesho nitamwambia habari za shule."

"Hilo ni jini."

"Na liwe jini. Ni jini linaloniita mama. Wewe unaniitaje?"

Mchonga vibao alifungua kinywa, na kikohozi chake kile kikatoka kabla ya neno.

"Unaona?" akasema mkewe, bila hasira. Akalikunjua shuka lililolowa, akalinyoosha kama alinyooshavyo mtu kwa mgeni wake. "Yuko kule juu, kwenye mti wake. Ameniambia ni baba aliyempa jina. Nimekushukuru, mume wangu. Nilidhani na wewe umemsahau."

Mchonga vibao hakuwa amemwambia mtu yeyote juu ya kile kibao.

Mganga aliyeitwa alikuwa mtu mnene, mwenye pumu, aliyefanyia kazi yake katika chumba cha nyuma cha fundi viatu, na aliyependa mzaha kwa sababu, kama alivyosema, majini hayaupendi. Alifika wakati mke wa mchonga vibao amelala usingizi mzito wa mchana. Aliwasha ubani, akakaa kuutazama. Moshi haukupanda. Ulilala sakafuni, ukapita chini ya mlango, ukavuka ua, ukashika njia ya mlimani kama mtu anayejua aendako. Mganga akaacha mzaha.

"Nani alikipa kitu hiki jina?" akauliza.

Mchonga vibao akamweleza yote. Mganga alisikiliza huku akijipepea kwa kofia.

"Mzee wangu," alisema mwishowe, "nimeona majini yanayotaka damu, yanayotaka mume, yanayotaka manukato ya bei mbaya. Hayo nayaelewa, ni kama wakwe. Hili halikutaka kitu. Limekaa pale tangu kabla ya babu zetu, pengine halikujua hata kwamba lipo. Wewe ukaliita. Sasa linajifunza kuwa huyo uliyemwita, na mkeo ndiye mwalimu."

"Likimaliza kujifunza?"

"Litashuka likae humu, na mwalimu atapanda kukaa kule. Mahali hapaachwi patupu." Akakohoa. "Mimi nitakusindikiza na kulifunga lisikuguse. Lakini kulitoa jina, hapana. Mkono uliotia ndio utoe. Ulikwangue mpaka kibao kiwe kama ulivyokikuta. Na ukishalikwangua, msilitamke tena maisha yenu, wewe wala mkeo, popote penye upepo. Limekwisha kulizoea. Mkiliita litakuja."

"Tulitamke wapi basi?"

"Pasipo upepo? Kaburini."

"Tutabaki na nini naye?"

Mganga akavaa kofia yake. "Natoa majini, mzee. Huzuni sijafundishwa kutoa."

Walipanga kupanda baada ya siku ya mapumziko. Lakini kesho yake, kabla jua halijatoka, mchonga vibao aliamka akakuta upande wa mkewe una baridi, mlango wazi, na ndoano ya khanga haina kitu. Akamfuata mganga mbio, akamkuta akipiga mswaki.

Njia ya bustani haina huruma. Huanza kwa ngazi za mawe zilizochongwa na wapagazi, ambazo mizizi imezing'oa kama meno, kisha ngazi hukoma na mtu hupanda kwa mikono na magoti kando ya korongo, akishika mashina, akitafuta kwa mguu jiwe lisilocheza. Mganga alitweta kama mvukuto. Kila mara aliposimama alisema, "Nenda tu, nakuja," na kila mara mchonga vibao alimsubiri, moyo ukimchoma, maana juu yao, kwenye udongo mwekundu, zilikuwepo alama za nyayo ndogo za mwanamke pekupeku. Zilikuwa zimepanda moja kwa moja. Hazikuteleza popote, wala hazikupumzika.

"Majini nayaweza," mganga alisema akiwa ameukumbatia mti. "Mlima ndio haukuwa katika mkataba. Mkeo ana mapafu ya mbuzi."

"Ana uzito wa ndege, siku hizi."

Mganga hakucheka. "Sikiliza. Tukiingia kwenye ukungu utaitwa. Usiitike. Hata 'naam' ya kutafuna."

Waliingia kwenye ukungu mchana, saa ambayo bondeni watu hukaa kivulini. Ulikuwa mweupe, mzito, ukipita katikati ya mashina bila upepo wa kuusukuma, na ndani yake kila kitu kilidondoka maji. Mchonga vibao alikuwa mbele. Alikuwa akihesabu pumzi zake ili asifikiri, na ndipo alipoitwa kutoka nyuma, karibu sana, mahali ambapo mganga alipaswa kuwa.

"Baba."

Aliuma ulimi. Aliendelea kupanda.

"Baba, nimechoka. Nibebe," ikasema ile sauti, na ilivuta mwisho wa neno kama alivyovuta binti tangu utotoni, jambo ambalo mkewe pekee angeweza kulifundisha, na mchonga vibao, akiwa na damu kinywani na mikono yote miwili ndani ya matope, akajikuta analia huku anapanda, analia bila kutoa sauti kama alivyolia msibani mbele za watu, na sauti ikimfuata hatua kwa hatua, mara begani, mara chini ya miguu yake ndani ya udongo, ikimwomba ageuke tu, ageuke amwone alivyokua, alivyorefuka, mpaka pale ukungu ulipofunguka na akaona mbele yake safu za miti mikubwa, kila mmoja na jina lake kifuani, majina aliyoyachonga kwa mkono wake, nayo sauti ikanyamaza kwa ghafla, kama mtoto anayetangulia nyumbani.

Mganga alitokea nyuma yake, uso kama majivu. "Umeitika?"

Mchonga vibao akatikisa kichwa, akatema damu.

Walimkuta nyuma ya nyumba ya vioo. Mkewe alikuwa ameketi juu ya mzizi wa mti ule, miguu ameitandaza, kama wakaavyo akina mama mlangoni mchana wakisukana. Kutoka matawini ilining'inia mizizi myembamba, myeusi, mingi kama nywele, nayo ilikuwa imelala mapajani mwake. Alikuwa anaisuka. Vidole vyake vilikwenda haraka na kwa uhakika, akigawa, akipitisha, akikaza. Misuko iliyokwisha ilikuwa imepangwa kwa mistari iliyonyooka, kama alivyomsuka binti kila alipofunga shule, na katikati ya misuko ile, mapajani, khanga ilikuwa imebonyea kwa uzito wa kitu kisichoonekana.

"Keti taratibu," mkewe alimwambia bila kuinua macho. "Ndiyo kwanza ametulia."

Mganga alianza kusoma kwa sauti ya chini, akizunguka mti huku akinyunyiza maji. Mchonga vibao akakiendea kibao. Herufi zilikuwa safi. Hazikuwa na kutu wala kuvu, na aliposogeza koleo kwenye msumari wa kwanza, bati lilikuwa na joto, joto la paji la uso la mgonjwa.

"Baba," ikasema ile sauti kutoka mapajani mwa mkewe. "Usinitoe."

Mkewe akainua uso. "Mwache. Nakuomba. Nitakaa huku naye, wewe ushuke, sitakudai kitu. Mtu anaishi mjini hana jina, kuna tofauti gani na kuishi huku?"

"Huyu si mwanao."

"Atakuwa! Anajifunza! Anakujua, anajua ulivyokuwa unamfungulia mlango akichelewa, anajua kila kitu."

"Kila kitu ulichomwambia wewe."

Akapiga magoti mbele ya lile bonyeo la khanga. Mganga alimkemea, lakini hakusikia.

"Usiku ule wa mwisho," alisema, "mama yako alikuwa amepitiwa na usingizi. Ulikuwa macho na mimi. Ukaniambia neno. Niambie ulisema nini."

Maji yaliacha kudondoka. Majani yote ya mti ule, bila upepo, yaligeuka kidogo upande wake, kama watu wanaosogeza sikio.

"Neno gani?" akauliza mkewe. Vidole vyake vilikuwa vimesimama. "Alisema neno? Hukuniambia."

Kisha ile sauti ikajibu, tamu, yenye hamu, na kwa mara ya kwanza haikuwa sauti ya mtoto yeyote.

"Niambie wewe, baba, nami nitajua."

Na hapo, Mungu amsamehe, alitamani kulisema. Lilikuwa limemkaa kifuani kama kaa la moto tangu usiku ule, hakumpa mtu. Na kama angelitamka sasa angelisikia likirudishwa kwake kwa sauti ya binti, mara moja, mara mbili, kila jioni maisha yake yote. Alimwona mkewe akimtazama. Aliona mishipa ya shingo yake, iliyotoka kama kamba. Akauma tena ulimi uliokwisha kuumwa, akasimama, akang'oa msumari.

Alichokisikia baadaye hakuwahi kumsimulia mtu. Mganga, ambaye alikisimulia kwa ufupi sana, alisema tu kwamba kilikuwa kikohozi, kile kikohozi cha kifua, na kwamba kilizidi kwa kila herufi iliyokwanguliwa. Mchonga vibao alilaza bati juu ya jiwe na kukwangua kwa ubapa wa tindo, yeye ambaye maisha yake yote hakukubali kukwangua kibao. Alianza na herufi ya mwisho. Mkewe alikuwa amemshika mguu kwa mikono yote miwili, akilitamka jina kwa sauti kubwa, mara nyingi, haraka haraka, kama mtu anayekunywa maji ambayo hataruhusiwa tena. Ilipobaki herufi ya kwanza alinyamaza mwenyewe, akauachia mguu.

Mchonga vibao akaikwangua. Akafuta bati kwa dole gumba, mbele na nyuma. Akalipigilia mahali pake.

Misuko ilifunguka. Haikukatika, ilifunguka yenyewe mmoja mmoja, ikarudi kuning'inia. Mkewe alibaki ameketi, mikono hewani.

"Nilikuwa nimebakiza msuko mmoja," alisema.

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda, maana sasa mkewe alikuwa na uzito wake wote, na ilibidi wamshike huku na huku kila penye mwamba. Mganga hakutania tena. Alipowafikisha mlangoni alimwambia mchonga vibao pembeni, "Limefungwa, lakini halikufa. Kitu kilichowahi kuitwa mtoto hakiachi kutega sikio. Msiliwekee chakula, na chakula chake ni habari za mtoto," na akaenda zake akichechemea.

Mwanamke alipona mwili. Mashavu yalirudi, michubuko ya nyayo ilifunga. Alipika, alifua, na kwa siku nyingi hakusema na mumewe ila la lazima. Mara moja tu alimwambia, "Jina tulimpa wawili. Ukalitoa peke yako," na mchonga vibao akasema, "Ndiyo," kwa kuwa ilikuwa kweli.

Kisha jioni moja ya mvua, kabla ya kuwasha taa, alikuja akaketi karibu naye kitandani.

"Nilikuwa nimelala," alisema. "Mama mtu, na nilikuwa nimelala. Alisema nini?"

Mchonga vibao alivuta pumzi ili amjibu. Ndipo alipotambua kwamba mvua haisikiki. Ilikuwa inanyesha; aliiona dirishani ikishuka; lakini haikuwa na sauti juu ya bati, wala mferejini, wala kwenye majani ya uani, kana kwamba kila kitu huko nje kimezuia pumzi kisikose neno litakalofuata. Mkewe naye alitambua. Akamshika mkono.

Aliufungua mkono wa mkewe, akaugeuza kiganja juu. Kwa kidole chake cha shahada, kigumu kwa kazi ya miaka, akaanza kuandika juu ya ngozi ile, herufi moja, kisha akisubiri, kisha nyingine, polepole na bila kukosea, kama achongavyo. Yalikuwa maneno machache. Alipofika mwisho mkewe akafunga vidole vyake kimoja kimoja, akaificha ngumi ile kifuani, akainama juu yake.

Wakakaa hivyo gizani, bega kwa bega, bila kutoa sauti. Na nje, kilichokuwa kinasikiliza kiliendelea kusikiliza.